Goti la Karani

"Karani hafi," Yunia alisema, tena kwa sauti ambayo hata wapishi walioko jikoni waliisikia.

Kipkurui, meneja wa zizi, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kutangaza. Daktari wa mifugo angekuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wiki tatu zijazo, na siku hiyo angemdunga Karani sindano ya kumlaza asiamke tena. Farasi huyo goti lake la nyuma limekwisha, alisema. Hawezi kubeba mgeni. Hata kutoka bandani ni lazima auburute mguu. Kumwacha hivyo ni kumtesa.

"Hafi kwa nini, Mama Judy?" Kipkurui alimuuliza Yunia. "Wewe ni daktari?"

"Mimi si daktari. Lakini huyu hajaugua. Mmemfunga tu."

Ogola, saisi mwenzake Yunia wa kutunza farasi, aliyekuwa akisugua tandiko, aliinamisha kichwa ili meneja asione anavyocheka. Saisi katika hoteli ile ya shambani walikuwa wawili tu, Ogola na Yunia, na farasi walikuwa saba. Wageni walitoka Nairobi kuja kupanda farasi kati ya majani chai, kupiga picha na kurudi kwao wakilalamika mapaja yanauma. Karani alikuwa farasi wa wale waoga, kwa sababu ya upole wake. Jina hilo alipewa na akina mama wa kambi ya wachuna chai, kwa vile alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kutoka kichwani hadi miguuni, kama karani wa mizani anayeshuku umeficha mawe kwenye kikapu.

Shida ilianza Aprili. Mgeni alikuwa ameteremka kupiga picha, Karani akasimama kama dakika kumi, halafu alipotaka kupiga hatua mguu wa nyuma ukakataa. Ulinyooka nyuma yake wote mzima, ukwato ukikwaruza changarawe ya murram barabarani, na maskini akawa anarukaruka kwa miguu mitatu, macho yamemtoka. Mgeni alipiga mayowe. Yunia ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Karani kwa woga alirudi nyuma hatua moja, na hapo Yunia akasikia kitu kikilia tak, pia ya goti ikarudi mahali pake, mguu ukakunjika. Farasi akatembea kama hakuna lililotokea. Yunia alilishika jambo hilo kichwani, wengine wote wakashika simu zao kumpigia meneja.

Sasa, usimwone Kipkurui kuwa mtu mbaya. Alikuwa amezaliwa karibu na Longisa katika boma la ng'ombe, na alimjua ng'ombe kuliko watu wengine wanavyojua ndugu zao. Kwao ng'ombe akichechemea anafungwa chini ya mabati, anatandikiwa majani makavu, anakatiwa nyasi za napier, anaongezwa chakula cha dairy meal, na baada ya wiki chache unamwona amesimama anakutafuta kwa pembe. Hivyo ndivyo alivyomfanyia Karani, na alimfanyia kwa moyo. Alimfunga bandani, akamtandikia vizuri, akamfunga bandeji, na kila jioni alipita kumpapasa shingo. Wiki sita. Na kila wiki Karani alizidi kuwa mgumu. Mapaja yalikonda, mguu ukawa unajifunga mara tatu, mara nne, kila akijaribu kugeuka.

Yunia naye alijua magoti. Nani angemfundisha habari za magoti? Alichuna majani chai miaka kumi na tisa katika miteremko ya Kericho, kikapu mgongoni, mvua ya saa nane ikimnyeshea, mpaka mashine za kuchuna zikaja, na yeye akawa na bahati ya kupata kazi ya zizi. Magoti yake kila asubuhi yalikuwa kama bawaba zilizoota kutu. Na kila mwanamke wa kambini mwenye magoti ya namna hiyo alijua la kufanya: huendi moja kwa moja kwenye mteremko. Unatembea kwanza barabara ya chini, ile ya tambarare, hadi kibanda cha mizani na kurudi, polepole, hadi magoti yaitike. Kisha unapanda ukiwa umenyooka. Usijipinde, usigeuke ghafla. Na siku ya mapumziko ndiyo usikae kabisa, kwa sababu ukikaa siku nzima, Jumatatu utainuliwa na watoto.

Kwa hiyo kesho yake saa kumi na moja na nusu asubuhi Yunia alikuwa kwenye mlango wa banda la Karani na kamba mkononi.

"Yawa!" Ogola alinong'ona, ndoo ya maji ikimponyoka. "Mama Judy, unataka tufukuzwe wote?"

"Wewe umelala. Hujaniona."

"Nimelala nimesimama?"

"Si farasi wanalala hivyo? Jifunze."

Karani alijaribu kutoka, mguu ukajifunga pale pale mlangoni. Yunia hakumvuta. Alimwekea kiganja kifuani, akamsukuma taratibu, "Nyuma, baba, nyuma kidogo," na tak, goti likaachia. Wakatoka. Siku hiyo walitembea barabara ya chini tu, ile ya mtoni, kwenda na kurudi, ukungu ukiwa umekaa juu ya majani chai, wote wawili wakichechemea hivi kwamba hungejua nani anamtembeza nani. Kipkurui alikuwa akiingia kazini saa mbili. Saa moja unusu Karani alikuwa amerudi bandani anakula nyasi.

Siku ya tatu waliongeza mteremko mdogo. Siku ya sita wakafika nusu ya shamba namba kumi na nne, ambalo ni mlima hasa, watu wasidanganyane. Yunia alipanda akiwa ameshika manyoya ya shingo ya Karani, akitukana kila jiwe kwa Kikisii. Alimpandisha kwenye mstari ulionyooka, na kila walipotaka kugeuka walizunguka kwa upana kama lori la majani. Wiki ya pili ilipoisha, mguu ulikuwa umejifunga mara moja tu kwa siku nne. Paja lilianza kujaa. Yunia alikuwa akiligusa kila asubuhi, na siku moja aliligusa akajikuta analia, peke yake, pale juu, kwa furaha na kwa hasira pia, maana alijua hakuna anayetaka kusikia.

Jumatatu ya wiki ya mwisho Kipkurui aliingia mapema. Alikuta matope mabichi kwenye kwato za Karani. Alimtazama Ogola, Ogola akatazama ndoo.

"Ni mimi," Yunia alisema. "Usimsumbue mwenzangu."

"Umemtoa?"

"Kila siku. Wiki mbili."

"Mama Judy!" Kipkurui alishika kichwa. "Mnyama mgonjwa unampandisha mlima? Una roho gani? Nimesema apumzike!"

"Apumzike wapi?"

"Hapa! Bandani!"

"Ng'ombe akipumzika anafanya nini?"

"Kwani unanipa mtihani?"

"Jibu tu."

"Analala chini. Anacheua."

"Haya. Na farasi?"

Kipkurui alimgeukia Karani, aliyekuwa amesimama.

"Farasi akipumzika anasimama," Yunia alisema, na sasa sauti yake ilikuwa inapanda, na wala hakutaka kuishusha. "Umemfunga wiki sita asimame juu ya goti bovu, mchana na usiku, halafu ukaita hiyo kupumzika! Huyu si ng'ombe, Kipkurui. Mimi nilikuwa na jirani kambini, Priscah. Mashine zilipokuja, alikwenda zahanati na magoti yake, wakamwambia pumzika, mama, umechoka. Akapumzika. Alikaa kwenye kiti mlangoni miezi minane, na mwezi wa tisa alikuwa anashikwa mikono kupelekwa chooni. Na mimi nilikuwa nampitia kila siku nikimwambia, ndiyo, Priscah, pumzika. Nilinyamaza. Nilijua na nilinyamaza! Sinyamazi tena, hata kwa farasi."

"Mimi nimezaliwa na ng'ombe," Kipkurui alisema, uso umemwiva. "Miaka thelathini na mbili nauguza wanyama. Wewe una miaka mitatu hapa. Ukimtoa tena, kazi imeisha."

"Basi andika barua leo, kwa sababu kesho nitamtoa."

Hakuandika barua. Alinunua kufuli. Jioni ile aliifunga kwenye mlango wa banda, ufunguo akautia mfukoni mwa koti na kwenda nao nyumbani.

Siku nne hizo Yunia hatazisahau. Alifika saa ile ile, akasimama nje ya mlango, na kwa kuwa mlango ulikuwa wa nusu, wazi juu, aliingiza mkono juu yake. Alimsukuma Karani kifuani hatua mbili nyuma, akamvuta hatua mbili mbele, mara arobaini, mpaka bega lake mwenyewe likafa ganzi. Hakuna aliyesema kufuli inazuia mkono. Ogola alisimama kwenye lango kuangalia njia, akimwambia kwamba wakifukuzwa watafungua kibanda cha chapati Sigor, na yeye Yunia atakuwa wa kusukuma unga kwa kuwa ameshapata mazoezi. Lakini hatua mbili si mlima. Alhamisi Karani alikuwa ameanza tena kusimama ameegemea upande mmoja.

Ijumaa saa tatu Daktari Amolo aliingia na pikipiki yake kutoka upande wa Kaplong, gambuti miguuni, sanduku la dawa mgongoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Wapishi walitoka jikoni wakasimama mbali. Kipkurui alifungua kufuli mwenyewe, akamtoa Karani mwenyewe, na mlangoni akamgeuza kwa haraka kama mtu anayetaka jambo liishe. Mguu ukajifunga. Ulinyooka nyuma kama mpini wa jembe, na Karani akatetemeka mwili mzima.

"Unaona, daktari," Kipkurui alisema, na sauti yake ilikuwa imekatika, kwa sababu alimpenda yule farasi. "Tafadhali, usimcheleweshe."

Daktari alipiga goti, akafungua sanduku. Yunia akapita mbele ya watu wote akasimama kati yake na farasi.

"Utanidunga mimi kwanza."

"Mama, sogea."

"Sisogei."

"Daktari, huyu ni saisi tu," Kipkurui alisema. "Mama Judy, usituaibishe mbele ya watu!"

"Aibu iko hapo hapo ulipo wewe," Yunia alijibu, na bila kungoja ruhusa ya mtu aligeuka, akaweka kiganja kifuani pa Karani, akamrudisha nyuma hatua moja. Tak. Mguu ukakunjika.

Daktari Amolo, sindano mkononi, alisimama polepole.

"Umefanya nini?"

"Nimemrudishia goti lake. Huyu alikuwa anapanda shamba namba kumi na nne mpaka juu, daktari. Wiki iliyopita. Halafu akafungiwa siku nne. Wewe mwenyewe ukisimama siku nne, ukitoka utacheza ngoma?" Alimnyang'anya Kipkurui kamba. "Sisi tunapanda sasa. Ukitaka kumdunga, mdunge kule juu, sitakuzuia. Lakini twende wote kwanza."

Kipkurui alitaka kusema kitu. Daktari alimwinulia mkono, akarudisha sindano kwenye sanduku, akaliacha hapo chini. Akawafuata.

Walianza na barabara ya mtoni. Karani alikuwa mgumu, hatua fupi fupi, na mara moja mguu ulijifunga tena, Yunia akaufungua tena, hakumtazama mtu. Magoti yake mwenyewe yalikuwa yanawaka moto. Alikuwa amekaa akilia nusu ya usiku na hakuwa ametembea asubuhi hiyo kwa sababu ya hofu, na sasa alilipia. Walipofika kibanda cha zamani cha mizani alimgeuza kwa upana, wakarudi, na safari ya kurudi Karani aliinua kichwa. Yunia alihisi kamba imelegea. Farasi alikuwa ameanza kumtangulia.

Kisha wakashika mlima.

Hapa sitadanganya, Yunia alidhani atakufa. Pumzi ilimwishia mapema, na kule nusu ya njia angeketi chini kama si hasira. Hasira ndiyo iliyompandisha. Alishika manyoya ya shingo ya Karani, Karani akavuta, paja lile la nyuma likijikaza na kusukuma, likijikaza na kusukuma, mstari ulionyooka kati ya majani chai. Daktari alitembea pembeni, macho yake hayakutoka kwenye mguu ule hata mara moja. Kipkurui alikuja nyuma na viatu vyake vya ofisini, akiteleza, akishika machaka ya chai ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa kuyashika. Mguu haukujifunga. Hata mara moja.

Juu, Daktari Amolo alipapasa paja, akapapasa goti, akauinua mguu, akaukunja, akaushusha. Akafanya hivyo kwa mguu wa pili. Alichukua muda mrefu mpaka Yunia akaanza kuomba kimoyomoyo, na yeye si mtu wa kuomba sana.

"Nani alikufundisha?" daktari aliuliza.

"Majani chai. Miaka kumi na tisa."

"Mimi nilifundishwa chuo, na kama meneja angeniuliza mapema, ningemwambia maneno yako yale yale." Alimgeukia Kipkurui. "Pia ya goti inakwama kwa sababu msuli wa paja ni dhaifu. Ukimfunga, msuli unazidi kuisha. Dawa ni mlima. Simdungi huyu farasi."

Yunia alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Alitaka kucheka, na kicheko kilipotoka kilikuwa kilio.

"Sawa," Kipkurui alisema baada ya kupata pumzi. Alikuwa amefurahi, ungeona furaha machoni, lakini alikuwa pia amevuliwa nguo mbele ya mgeni, na hilo mtu wa kwao halimezi haraka. "Farasi anabaki. Nashukuru. Lakini mtu aliyevunja amri yangu wiki mbili nzima siwezi kukaa naye. Mama Judy, jioni uache gambuti stoo."

"Na mlima nani atampandisha?" daktari aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

Akashika kamba. Akamvuta Karani, akamgeuza pale pale kwa nguvu, kama unavyomgeuza ng'ombe langoni, na tak ya kinyume ikasikika, mguu ukafungwa, ukanyooka nyuma juu ya mteremko ule wa hatari. Karani alikoroma. Kipkurui akavuta mbele. Farasi akayumba. Kipkurui akavuta tena, jasho likimtoka, akamtazama daktari. Daktari alikuwa akiangalia mawingu.

Yunia angeweza kuondoka. Ameshafukuzwa, si ndiyo? Ulimi wake ulikuwa na maneno ya kumwambia yule bwana, maneno ya kumtosha mwaka mzima. Lakini Karani alikuwa anatetemeka.

"Wacha kuvuta," alisema. Hakusogea alipokuwa. "Weka mkono kifuani. Hapo. Msukume nyuma. Polepole, usimtishe."

Kipkurui aliweka mkono. Akasukuma. Goti likaachia, na uso wake ukabadilika kabisa, akabaki amesimama kiganja bado kifuani pa farasi.

"Nimelisikia," alisema.

"Umelisikia leo. Mimi nalisikia tangu Aprili, na wewe unanipa mabandeji."

Kipkurui alimnyooshea kamba. Hakusema samahani, lakini mkono wake ulikuwa umenyooka kabisa, na macho yalikuwa chini.

"Sichukui," Yunia alisema.

"Mama Judy, tafadhali. Mteremshe wewe. Hayo ya gambuti nimeyafuta."

"Yafute au uyaache, mimi kesho saa kumi na moja na nusu niko bandani. Lakini leo kamba ni yako. Wewe ndiye uliyemfunga, wewe utamteremsha. Mimi nakuja nyuma yako."

Na kweli alikuja nyuma, magoti yakimuuma vibaya kwa kuteremka, mkono mmoja kwenye bega la Daktari Amolo, akipiga kelele mlima mzima hata wapishi kule chini wakamsikia.

"Nyoosha! Usimkimbize! Sasa kona inakuja, panua! Panua zaidi! Wewe Kipkurui, unaongoza farasi ama unavuta ndama?"

Kipkurui akapanua kona.